Mawaridi Baada ya Mvua ya Mawe

Mimi ni mtu wa kubisha. Nimeambiwa hivyo na wengi, wakiwamo walionipenda, na sina sababu ya kulikana jambo hilo uzeeni. Nilibisha shuleni, nilibisha nyumbani, nilibisha hata kwenye kitubio, mpaka siku moja padri akaniuliza kama nimekuja kutubu au kushtaki. Mara nyingi ubishi huo umenifaa. Mara moja nusura umpokonye mama yangu kitu ambacho nisingeweza kumrudishia kamwe, na hiyo mara moja ndiyo ninayoieleza hapa, maana walioiona wamebaki wachache.

Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mpya, kabla hatujahamishiwa kwenye vijiji vya barabarani. Kwetu ni mashariki ya Ushirombo, mwendo wa asubuhi nzima kwa baiskeli. Kaya zilikuwa zimetawanyika, kila moja na ua wake wa minyaa, na katikati mtama, pamba na karanga. Baba alikuwa amekwisha kufa, kaka zangu wawili wako mbali. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa shule ya msingi, na niliishi na mama, niliyemwita Mayu kama Wasukuma wote wanavyomwita mama. Majirani walimwita Mama Mwalimu. Alilipenda jina hilo kuliko hata lile la ubatizo.

Mwaka huo Mayu alianza kuvimba tumbo. Hospitali walimlaza wiki tatu, kisha daktari akaniita pembeni, akaniambia nimpeleke nyumbani akale anachokipenda. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kuelewa maana yake. Nilisimama pale kwenye baraza nikasoma tangazo la chanjo ukutani mara tatu au nne bila kujua ninasoma nini.

Siku hiyo hiyo nilipita kwa sista mmoja mzee, Mzungu, aliyenifundisha kazi ya bustani nilipokuwa shule ya wasichana ya misheni. Alikuwa na mawaridi mekundu mbele ya nyumba yao, na mimi ndiye niliyekuwa mtunzaji wake kwa miaka minne. Zamani hizo alikuwa akituhadithia kwamba kwao, baada ya miezi ya baridi, watu hudhani baridi imekwisha, wanapanda mawaridi mapya, halafu alfajiri moja baridi inarudi, umande unaganda juu ya majani, na jua likitoka mche umekuwa mweusi kama uliochomwa. Mama yake alikuwa akiifunika miche kwa magunia. Sisi wasichana tulikuwa tunacheka. Umande ugande! Barafu pekee tuliyoijua sisi ni ile inayotupigia mabati.

Nilipomwambia habari za Mayu, Sista alitoka nje kwenye mawaridi yake. Alichukua mkasi, akanikatia vipandikizi sita, akavifunga kwa kitambaa kibichi. "Vifunike," akasema. Sikumwuliza nivifunike na nini.

Nataka lijulikane mapema kwamba Mayu hakuniomba mawaridi. Niliyeyataka ni mimi. Nilimwona amelala na ule uso wake umekuwa mdogo, nikajisemea kwamba mwanamke huyu amelima pamba ya watu na ya kwake maisha yake yote, hajawahi kuwa na kitu cha kutazama tu. Nikaapa kwamba kabla hajafa ataona ua moja la waridi likifunguka uani kwake. Nilikihamishia kitanda chake chumba cha mbele, kikaelekea mlangoni, nikapanda vipandikizi vyangu hatua tano kutoka kizingiti.

"Vinaliwa?" aliniuliza.

"Haviliwi, Mayu. Vinatazamwa."

"Haya," akasema, kwa sauti ile aliyokuwa akimjibia baba kila aliporudi mnadani na kitu ambacho hakutumwa.

Nilivitunza kama watoto wachanga. Niliviwekea kivuli cha mabua ya mtama, nikamwaga majivu kuzunguka shina kwa ajili ya mchwa, nikasimamisha matawi ya miiba kwa ajili ya mbuzi. Maji ya kuogea Mayu niliyamwaga pale. Baada ya wiki chache, vinne vilichipua majani madogo mekundu. Viwili vilikauka, na mimi nikalia kwa ajili ya vijiti viwili, jambo ambalo sikulifanya hospitalini.

Majirani walinitania. Walisema Mwalimu amejenga zizi la majani. Aliyetania zaidi ni rafiki wa Mayu, mwanamke wa kaya ya pili kutoka kwetu. Wawili hao waliletwa kuolewa pale mwaka mmoja, wakiwa wasichana, na walikuwa wameazimana moto, chumvi na watoto kwa zaidi ya miaka thelathini. Tangu Mayu arudi kutoka hospitalini, mama huyu alikuwa anakuja kila alasiri na karanga zake za kubambua, anaketi chini karibu na kitanda, anampaka Mayu mafuta miguuni. Walikuwa wanabishana juu ya mashindano ya ngoma ya ujanani, nani alicheza vizuri, nani alianguka. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari chumba cha pili, nikiwasikia wakicheka, na nakiri kwamba walinisumbua.

Mvua za mwisho zilikuwa zimechelewa kwisha. Mtama ulikuwa umebeba, pamba imeanza kufumbuka sehemu sehemu, na watu walikuwa wanaomba mbingu zifunge. Siku moja, kama saa kumi hivi, upande wa ziwani kukawa na wingu la rangi ya kijani. Watu wa kwetu wanaijua rangi hiyo. Nilisikia wanawake wakiita watoto kaya hadi kaya.

"Ingiza kuku," Mayu alisema kutoka kitandani.

Sikuwaingiza kuku. Nilikimbilia jikoni, nikatoa sufuria zote mbili, beseni la kufulia na ule mtungi mkubwa wa maji. Maji nikayamwaga. Nilifunika kila mche kwa chombo chake, na juu ya mtungi nikaweka ungo, sijui kwa nini. Jiwe la kwanza lilinipiga begani nikiwa bado nimeinama. La pili likapiga sufuria, halafu hayakuhesabika tena. Niliingia ndani damu inanitoka nyuma ya sikio. Kelele za mawe juu ya bati na juu ya masufuria zilikuwa kubwa kiasi kwamba nilimwona Mayu akifungua mdomo lakini sikusikia anasema nini.

Yalipokwisha, ua ulikuwa mweupe. Kuku watatu walikuwa wamelala chali. Mtungi ulikuwa vipande vipande, mtungi aliokuja nao Mayu alipoolewa, na mche uliokuwa chini yake umesagika. Lakini mitatu ilikuwa hai. Niliifunua mmoja mmoja na kila mmoja ulikuwa na majani yake. Nilirudi ndani nikicheka kama mwehu.

"Imepona mitatu, Mayu!"

"Na mtama?" akaniuliza.

Nilitoka nikatazama nje ya minyaa. Mtama wetu ulikuwa umelala chini. Na wa jirani, na wa yule wa ng'ambo, mpaka jicho lilipoishia. Nilisikia mtu akilia kwa mbali, mwanamume, na mwanamume wa kwetu halii ovyo.

Sasa, kwetu kulikuwa na mwiko. Siku inayofuata mvua ya mawe, jembe haligusi ardhi. Wazee walisema ardhi imepigwa, iachwe ipumue. Mtu akiichoma jembe siku hiyo, mawe yatarudi, na hayatachagua shamba lake peke yake. Watu waliketi nyumbani siku nzima, hata wale wa jumuiya yetu ya kanisa, hata katekista, ambaye siku hiyo kila mwaka alikuwa na mafua. Vijana wa kazi za pamoja ndio walioulinda mwiko huo. Walikuwa na kiongozi wao, aliyeitwa nsumba ntale, na neno lake kuhusu mambo ya kazi na mazishi lilikuwa na nguvu kuliko la mwenyekiti.

Asubuhi niliamka nikakuta kwamba maji ya usiku yamechimba udongo wote kwenye miche yangu. Mizizi ilikuwa nje, myeupe, myembamba kama nyuzi, na jua lilikuwa limeanza kuwa kali, kama linavyokuwa daima baada ya mvua kubwa. Nilijua kufikia saa nne itakuwa imekauka. Nilikwenda kuchukua jembe nyuma ya mlango.

"Leo hapana," Mayu alisema.

"Mayu, haya ni mambo ya kizamani. Mawe yanatokana na hewa ya juu kupoa. Nawafundisha watoto jambo hili."

"Wafundishe. Lakini leo acha jembe."

Nilibisha. Nilimwambia mambo ya mvuke na mawingu, mwanamke mgonjwa yule, mimi nimesimama na jembe mkononi. Mwisho alifumba macho. Nilitoka uani nikalima. Nilichota udongo pembeni, nikafunika mizizi, nikashindilia, na kwa kuwa nilikuwa na hasira, nikalima hata mahali pasipokuwa na haja. Watu wawili walipita njiani. Walisimama kwenye mwanya wa minyaa, wakanitazama, wakaondoka bila salamu.

Siku tatu baadaye mawe yalirudi.

Hayakuwa mengi. Yalipita kwa muda wa kuchemsha chai, upande mmoja tu wa kijiji, yakamaliza mtama uliokuwa umeanza kusimama tena. Siamini hata leo kwamba niliyaita mimi. Lakini watu walikuwa wamepoteza chakula cha mwaka mzima, na mwanamke mmoja alikuwa ameonekana akilima maua. Ukiniuliza leo kama ningekuwa wao ningefanya nini, nitanyamaza.

Hakuna aliyekuja kutugombeza. Ingekuwa heri. Kesho yake nilikwenda kisimani, wanawake wakaondoa ndoo zao, wakasimama mbali mpaka nilipomaliza kuchota. Niliwaambia "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya kwetu. Hakuna aliyeitikia "Mhola." Nilikwenda kuomba kaa la moto kaya ya jirani, mlango ukafungwa. Yule aliyekuwa akitupatia maziwa ya Mayu hakuleta. Shuleni watoto waliniamkia "Shikamoo, Mwalimu," kwa sababu shule ni ya serikali, lakini wakinikuta njiani walishuka majanini. Kaya yetu ilikuwa imetengwa. Aliyetengwa haongeleshwi, hasaidiwi kazi, hatembelewi akiugua, na akifa kwake hakuna anayeshika jembe kumchimbia kaburi.

Alasiri ya siku ile yule rafiki wa Mayu hakuja.

"Wako mashambani wanaokota kilichobaki," nilimwambia Mayu.

Siku ya pili nikamwambia hivyo hivyo. Siku ya tatu nikaongeza kwamba kuna msiba upande wa Kharumwa.

"Mwalimu," akasema. Hakuwa na kawaida ya kuniita hivyo. "Mimi nimeishi hapa tangu kabla hujazaliwa. Usinidanganye kama mgeni."

Basi nikaacha uongo. Nilikwenda shuleni asubuhi, nikimwachia uji kwenye bakuli na maji kwenye kikombe, nikarudi mchana nikakuta mara nyingine kikombe kimeanguka na hakuna wa kukiokota. Alikuwa ameanza kushindwa kugeuka mwenyewe. Alilala akitazama mlangoni, na mimi, Mungu anisamehe, nilijifariji kwamba anatazama mawaridi. Mche mmoja ulikuwa umetoa kitumba. Nilimwonyesha.

"Nimekiona," akasema. "Ni nani huyo aliyepita sasa hivi?"

"Mtu tu, Mayu."

"Anachechemea. Ni mume wa dada yake katekista."

Ndivyo alivyokuwa akishinda, akisikiliza miguu ya watu njiani na kuitambua mmoja mmoja. Nilikuwa nimempa kitu cha kutazama, nikawa nimemwondolea watu wote aliowajua.

Kulikuwa na jambo jingine. Mayu alianza kukohoa. Si asubuhi, si usiku. Jioni tu, jua likikaribia kuzama, mara mbili au tatu, halafu basi. Nilimchemshia majani ya mpera. Nilimpa asali. Kikohozi hakikuisha wala hakikuzidi, na mimi na elimu yangu nikawa naandika pembeni mwa daftari saa kinapoanza, ili nimpelekee daktari.

Siku ya nane au ya tisa nilikuwa nyuma ya nyumba naanika nguo zake jioni. Nilisikia mtu akikohoa upande wa pili wa minyaa. Mara mbili. Mayu akakohoa ndani ya nyumba, mara mbili. Kule nje akakohoa tena mtu mara moja, na Mayu akamjibu mara moja.

Nilizunguka ua taratibu. Yule rafiki yake alikuwa amesimama kwenye minyaa na kikapu chake cha karanga kichwani, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa chumba cha Mayu. Aliponiona hakusema kitu, maana haikuruhusiwa. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni. Aligeuka akaenda zake.

Nilibaki pale nimeshika shuka mbichi. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia jioni ile. Mwanamke yule alikuwa ametii neno la kijiji, hakusema, hakuingia, hakugusa, na bado alikuwa amekuja kila siku kumwona rafiki yake kwa njia pekee iliyobaki. Mimi nilikuwa jikoni nikichemsha majani ya mpera.

Niliingia ndani. Mayu aliniangalia, akajua kwamba nimejua.

"Niliwahi kumfanyia mtu hivi," akasema. "Kabla hujazaliwa. Mwanamke aliyetwanga siku ya kilio cha mtemi. Alikuwa na mimba. Siku yake ilipofika tulimsikia akiita, na hatukwenda. Mtoto alikufa. Mimi na huyo mwenzangu tulikuwa jikoni tumeziba masikio." Alipumzika kidogo. "Kwa hiyo najua wanavyojisikia huko. Hawafurahi. Nenda ukawaombe."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba umekosa."

"Lakini Mayu, sikukosa. Mawe hayatokani na jembe."

Naona aibu kuandika kwamba nilisema hivyo hata baada ya kuona niliyoyaona. Lakini nilisema.

Hakukasirika. "Basi utanichimbia mwenyewe," akasema. "Jembe unalo."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Vijana walikuwa wanang'oa karanga kwenye shamba la mjane mmoja, wakiimba kwa zamu. Nilipofika ukingoni mwa shamba wimbo ulikatika. Nsumba ntale wao alikuwa kijana wa umri wangu. Tulianza naye darasa la kwanza; aliachia la nne ili achunge ng'ombe wa baba yake, na nakumbuka nilimcheka. Nilipiga magoti kwenye udongo mbele yake na mbele ya watu kama thelathini, nikiwa na viatu vyangu vya kufundishia.

Aliweka chini fungu la karanga alilokuwa ameshika. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Kwa nini hukutumia mikono?"

"Nini?"

"Mikono. Mwiko ni wa jembe. Ungechota udongo kwa mikono yako ukafunika hayo majani yako, nani angekusema? Mama yangu mwenyewe siku ile alifukia viazi kwa mikono. Kila mtu hufanya hivyo. Hata wewe ulijua."

Nilijua. Tangu utoto nilikuwa nimeona wanawake wakifanya hivyo siku za mwiko, wamechuchumaa, wakichota udongo kwa viganja, hawamdharau mtu na kazi yao inakwenda. Udongo ulikuwa laini kama unga wa kukanda. Miche mitatu ingechukua muda mfupi kuliko huo nilioutumia kubishana na mgonjwa.

"Kwa sababu mlinikataza," nilisema.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kweli, na ilitoka kabla sijaipamba. Kuna mzee mmoja nyuma aliyeguna. Mtu mwingine alicheka, si kwa ubaya. Nsumba ntale alijipangusa jasho, akatazama chini, na nikaona kwamba yeye pia amechoka na jambo hili.

"Mama yako tunamjua," akasema. "Jumatatu alasiri utatoa mbuzi, aliwe uani kwako na watu wote. Utasema mbele yao hayo uliyoyasema sasa. Hayo ya mawingu usiyalete."

Walikuja wote. Sijawahi kuona ua wetu umejaa namna ile, hata kwenye msiba wa baba. Nilisimama nikasema niliyotakiwa kusema, na wanawake wakaitikia, na mara moja kelele zikaanza kama vile hakuna kilichotokea. Watoto walipanda juu ya kila kitu. Wanaume walimchinja mbuzi karibu na mlango, palipokuwa na nafasi. Kijana mmoja alihitaji kuni za kuwashia moto haraka, akaona matawi yangu ya miiba yamekauka vizuri, akayang'oa. Mabua ya kivuli yakafuata. Ngozi ya mbuzi ilitandazwa na kupigiliwa vijiti pale pale penye udongo laini, juu ya miche yangu mitatu. Nilikuwa nimesimama kizingitini na sinia la ugali. Sikubisha. Nikapeleka sinia kwa wazee.

Rafiki wa Mayu aliingia ndani bila kubisha hodi. Sikusikia walichosema kwanza. Nilipochungulia, alikuwa ameketi chini mahali pake, miguu iliyovimba ya Mayu iko mapajani mwake, na wote wawili walikuwa wanalia na kubishana juu ya nani aliyeanza kukohoa. Aliniona, akaniambia, kwa ukali kabisa, "Unasimama nini? Leta mafuta." Nilifurahi kutumwa kuliko nilivyofurahi siku nilipopokea cheti.

Tangu siku ile Mayu hakukosa mtu. Walipangana wenyewe. Nikienda shuleni namkuta mwanamke amekwisha kufika, nikirudi nakuta mwingine. Maziwa yalirudi. Mayu aliacha kukohoa jioni.

Alikufa siku ya nane baada ya mbuzi yule, mchana, mimi nikiwa darasani nafundisha kugawanya. Mtoto alitumwa kuniita. Nilikimbia njia nzima, na nilipofika nilikuta wanawake saba ndani ya kile chumba kidogo, rafiki yake amempakata kichwa, na vijana wa nsumba ntale wamekwisha kuondoka na majembe kwenda kumchimbia, bila mtu kuwaomba.

Niliuliza alisema nini. Wakaniambia hakusema maneno ya maana. Walikuwa wanabishana nani amgeuze, na yeye alikuwa anatabasamu akiwasikiliza, halafu wakaona hatabasamu tena.

Kwa miaka mingi niliumia kwamba sikuwapo. Sasa sijali sana. Ninalolifikiria ni jingine. Saa ile angekufa tu, nisingeweza kuizuia. Na mimi saa ile ningekuwa darasani tu. Kama nisingekwenda kupiga magoti kwenye lile shamba la karanga, mama yangu angekufa peke yake mchana kweupe, mlango ukiwa wazi, anatazama waridi.